Uthibitisho kwa Kunyoosha Mikono

Nyumbani walimwita Kwanini, na jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Tangu alipoanza kusema, hakuna neno lililopita mbele yake salama. Ukimwambia jua limezama, atataka kujua limezamia wapi na nani alikwenda kuangalia. Mjomba wake alikuwa akiapa kwamba siku ya harusi yake binti huyu ataulizwa kama amemkubali bwana, naye atajibu, "Kwa nini?" Mama yake, fundi cherehani aliyemlea peke yake, alikuwa akicheka tu. "Mwacheni," alisema. "Mdomo huohuo ndio utakaomlisha."

Basi mdomo ukampeleka chuo kikuu, idara ya hisabati, mahali ambapo mtu angedhani kuuliza kwa nini ndiyo kazi yenyewe. Nasema angedhani.

Tasnifu yake ya shahada ya uzamili ilihusu vigae. Usicheke. Chukua sakafu iliyogawanywa kwa miraba, halafu chukua vigae vyenye umbo moja tu: miraba mitatu iliyoshikana kama herufi L. Hukati kigae, hupandishi kimoja juu ya kingine, huachi hata mraba mmoja wazi. Je, ni sakafu zipi zinafunikika na zipi hazifunikiki? Linaonekana swali la watoto, mpaka ulijaribu.

Mara ya kwanza kusimama mbele ya Kamati ya Tasnifu alikwenda na jambo dogo, la kufungulia mlango. Alichora ubaoni chumba cha miraba mitatu kwa mitatu.

"Chumba hiki kina miraba tisa," alisema. "Tisa inagawanyika kwa tatu, kwa hiyo mtu atadhani vigae vitatu vinatosha. Havitoshi. Tazameni pembe nne za chumba. Kigae kimoja hakiwezi kushika pembe mbili, ni kifupi mno. Kwa hiyo kila pembe inataka kigae chake. Pembe nne, vigae vinne. Vigae vinne vinakula miraba kumi na miwili, na chumba kina tisa. Haiwezekani. Nimemaliza."

"Lo!" alisema Bi Takwimu, mhadhiri wa takwimu, mwanamke mmoja tu katika meza ile, na akacheka kwa raha kama mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu. "Hebu ona! Kumbe ni hivyo tu!"

Mkuu wa Idara hakucheka. Alikuwa mtu wa utaratibu, mwenye kalamu tatu mfukoni zilizopangwa kwa urefu, na alimngoja Bi Takwimu amalize furaha yake.

"Uthibitisho uko wapi?" aliuliza.

"Ndio huo, Mheshimiwa."

"Huo ni mchoro."

"Ni mchoro na maneno. Kuna hatua ambayo haiko sawa?"

"Sijasema haiko sawa. Nasema si uthibitisho. Hakuna alama hata moja. Hakuna dhana tangulizi, hakuna fasili. Mtu yeyote anaweza kuja hapa na kusema pembe nne, vigae vinne."

"Mimi nimeelewa, tena mara moja," alisema Bi Takwimu.

"Kuelewa si hoja," Mkuu akamjibu. "Hoja ni utaratibu."

Kisha akafanya kitu ambacho Kwanini hakuwahi kuota kwamba kinafanyika duniani. Aliita kura. Idara ile ilikuwa na desturi hiyo: lolote likibishaniwa mezani, iwe ni rangi ya kuta au ratiba ya mitihani, lilimalizwa kwa mikono. Wanaoona huu si uthibitisho? Mkuu akanyoosha. Katibu wa Kamati akautazama mkono wa Mkuu, naye akanyoosha. Wahadhiri wawili wakafuata. Msimamizi wa Kwanini, profesa mpole aliyekaribia kustaafu, alikuwa anajikuna kisogo, Mkuu akamhesabu. Na yeye, mtu mzima na uprofesa wake, akauacha mkono hukohuko.

Hebu niambieni, ndugu zangu. Pembe nne za chumba zinapigiwa kura? Wakipata kura nyingi zitakuwa tano?

Kwanini alitoka mle ndani kwa hasira. Msimamizi alimkuta kwenye ngazi, akamwambia kwa sauti ya kubembeleza, "Binti, usibishane na mwenye rungu. Ivalishe suti tu. Weka alama, weka fasili. Wao wanapenda ukurasa ulioshonana kwa alama."

Akaivalisha suti. Pembe ikageuka herufi ya Kigiriki yenye mkia, chumba kikageuka seti, vigae vikageuka familia ya seti ndogo, na lile jambo alilolisema kwa pumzi moja likajaza kurasa hadi likawa sura nzima. Safari hii Mkuu aliishika ile sura, akaipima uzito kiganjani, akasema, "Sasa hii ndiyo hisabati." Mikono yote ikaenda juu. Bi Takwimu peke yake alisema kwamba sasa hakuelewa kitu, lakini alinyoosha, maana alijua kilichokuwa ndani.

Baada ya hapo Kwanini hakuchora tena. Alishafundishwa adabu. Alikwenda kwenye dai lake kubwa kwa alama tupu: kwamba sakafu yoyote isiyo na ujia mwembamba wa mraba mmoja, ikiwa idadi ya miraba yake inagawanyika kwa tatu, inafunikika kwa vigae vya L, ukiondoa vyumba vya mstatili vya aina chache alizozitaja moja moja. Dai zito. Aliliandika mwaka mzima. Alipokwama aliongeza fasili, na alama zilipomsumbua aliziwekea alama nyingine juu yake. Akachapa, akajalidi, akampa kila mwanakamati nakala yake.

Halafu kimya. Wiki zikapita, muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Kila akigonga mlango wa Mkuu anaambiwa, "Bado tunaipitia." Katibu alimwambia vilevile, na nakala yake ilikuwa pale dirishani ikikandamiza pazia lisipeperuke. Siku moja Kwanini alimsikia Mkuu mwenyewe kwenye ujia akisema kwamba hii kazi ya vigae ni ya kufundishia chekechea, na kwamba yeye haoni pa kuipeleka. Alikuwa hajaifungua. Mtu anakataa chakula asichokifunua!

Waswahili wana msemo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akaja.

Alikuwa mwanahisabati mkubwa, wa kutoka mbali, mwenye nishani ambazo Mkuu alizitaja zote wakati wa kumkaribisha. Wakati wa chai aliona nakala ile dirishani kwa Katibu. Akaichukua kwa mkono mmoja, kikombe kikiwa mkono wa pili, akafunua hapa, akafunua pale, akatabasamu. "Nzuri," alisema. "Nzuri sana hii. Vigae! Nani ameandika?" Kisha akairudisha, akaomba sukari.

Basi ikawa hiyo. Neno moja la kwenye chai. Kabla ya jua kutua idara nzima ilijua kwamba Mgeni ameisifu kazi ya vigae. Kesho yake, "ameisifu" ikawa "ameipitia". Wiki haijaisha, "ameipitia" ikawa "ameithibitisha". Mkuu alimwita Kwanini ofisini, akamvutia kiti kwa mkono wake.

"Binti yangu," alisema, yeye ambaye hakuwahi kumwita hata mwanafunzi. "Mimi tangu mwanzo niliona kitu. Tunapanga siku ya utetezi. Makamu Mkuu wa Chuo atatuma mpiga picha. Na ile nafasi ya mhadhiri msaidizi iliyo wazi, siku hiyohiyo ukishapita, ni yako. Nimeshasema na wanaohusika."

Nani angekataa? Kwanini alijua anavishwa kilemba cha ukoka, lakini kazi ni kazi, tena ndiyo kazi aliyoitaka tangu akiwa na umri wa kukalia kitambaa chini ya cherehani. Alipomwambia Mama, Mama alisimamisha mguu kwenye pedali, akalia. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi alikuwa hauoni tena, anaushona kwa kupapasa. Kazi ya mwanawe ilikuwa na maana ya kupumzisha macho yale. Mjomba kwa upande wake alikwenda kutangaza mtaa mzima kwamba mpwa wake anakuwa daktari. Alipoelezwa kwamba shahada ya uzamili haimfanyi mtu kuwa daktari, alisema hayo ni mambo madogo ya huko mbele.

Zilibaki siku chache. Asubuhi moja, wateja hawajaanza kuja, Kwanini alitandaza karatasi ya manila kwenye meza ya kukatia vitambaa. Alitaka kuchora sakafu kubwa ya kubandika ukutani siku ya utetezi, ili wageni wasiojua hisabati, kama Mama na Mjomba, waone kitu. Hakuwa anatafuta kosa. Alikuwa anatafuta pambo. Akachora chumba, akaona kikiwa kitupu hakina mvuto, akakitundikia ngazi: kwenye pembe moja ya chumba akaanzia kidato cha miraba miwili kwa miwili, pembe ya kidato hicho akashikiza kingine, na kingine, kila kimoja kikishiriki mraba mmoja wa pembe na kilichokitangulia, ngazi ikashuka kwa mshazari hadi pembeni ya karatasi. Ikapendeza kweli.

Akachukua vigae vyake vya boksi gumu, alivyovikata kwa mkasi wa Mama, akaanza kuifunika kutoka chini ya ngazi.

Kidato cha mwisho kilikuwa na njia moja tu. Ukiweka kigae kwa namna nyingine yoyote, unaacha mraba mmoja umetengwa usiofikika. Sawa, akaweka. Kidato kilichofuata nacho kikawa na njia moja tu. Na kilichofuata. Hakuna hiari, ni kama kufumua mshono: ukianza uzi, unakuja wenyewe. Akapanda ngazi kigae kwa kigae hadi juu, ngazi ikaisha, na kilichobaki bila kufunikwa kilikuwa chumba. Chumba cha tatu kwa tatu. Pembe nne, vigae vinne, miraba tisa.

Haifunikiki.

Akashika kichwa. Ujia mwembamba haupo, kila kidato kina nafasi yake. Idadi inagawanyika kwa tatu. Sakafu nzima si mstatili, kwa hiyo haimo kwenye orodha ya vyumba alivyovisamehe. Sakafu iko mbele yake mezani, halali kabisa, na nadharia yake inasema inafunikika.

Alikimbilia tasnifu. Akatafuta mahali aliposema kwamba sakafu kubwa daima inaweza kukatwa vipande viwili vizuri, akapata, ilikuwa mistari miwili iliyojaa mikia ya Kigiriki, na chini yake ameandika "ni dhahiri". Dhahiri! Angechora mara moja tu angeona. Walimkataza kuchora, naye akatii, na alama zikamfunika macho yeye mwenyewe aliyeziandika. Hapo ndipo hasira ilipompanda, na hakujua amkasirikie nani kwanza, wao au nafsi yake.

Alijaribu kuiokoa. Akaongeza sharti la ngazi, mara akaona ngazi inaweza kuanzia katikati ya ukuta. Akaongeza sharti la kuta, ngazi ikazaa ngazi. Kila akiziba tundu, panya anatokea kwingine. La kuvunda halina ubani, na hili lilikuwa limevunda.

Akaenda kwa Msimamizi na karatasi yake ya manila. Mzee yule aliangalia, akafuata vigae kwa kidole, akafika chumbani, akavua miwani.

"Umemwonyesha nani?"

"Wewe tu, Profesa."

"Basi iwe hivyo hivyo." Akaikunja manila vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia. "Funika kombe mwanaharamu apite. Ukishapata nafasi yako, miaka miwili mbele unaandika makala ndogo ya kusahihisha. Wengi wanafanya. Utasifiwa mara mbili."

"Lakini si kweli, Profesa."

"Najua si kweli. Nimekuambia ni kweli?" Alikuwa anaongea kwa huruma hasa, na huruma ile ndiyo iliyomchoma zaidi. "Nakwambia ni lini useme."

Siku ikafika. Mama alivaa gauni aliloshona kwa ajili ya siku hiyo, Mjomba akavaa suti iliyombana kidogo tumboni. Wageni hawakuruhusiwa kuingia mpaka matokeo, basi wakakalishwa kwenye benchi la ujiani. Mle ndani palikuwa na kamati ileile, meza ileile yenye chupa za maji, na mpiga picha amesimama karibu na dirisha. Nakala ziko mbele ya kila mmoja. Ya Mkuu ilikuwa mpya kama imetoka kiwandani leo.

Kwanini alisimama. Alikuwa hajalala vizuri, na alikuwa ameshaamua.

"Kabla sijaanza," alisema, "naomba Kamati ijue kwamba nadharia kuu ya tasnifu hii si kweli. Nimeikosea mimi. Naomba muda niiandike upya."

Mpiga picha alishusha kamera. Mkuu alicheka, kicheko cha baba wa harusi. "Mpeni maji. Woga huu ni wa kawaida kabisa."

"Siogopi, Mheshimiwa. Naomba ubao."

Akachora chumba, akachora ngazi, akaeleza. Bi Takwimu alikuwa ameinuka kitini, anamfuata kwa kidole hewani. "Ngoja. Hapa mwisho huna njia nyingine. Ehe. Halafu hapa tena huna... tena huna... Mungu wangu. Inarudi kwenye kile chumba cha pembe!"

"Ndicho hichohicho," alisema Kwanini.

"Huo ni mchoro," alisema Mkuu.

"Ni mchoro, ndiyo."

"Na mambo ya michoro tulishayamaliza."

"Mliyamaliza kwa mikono, Mheshimiwa. Naomba safari hii mniambie ni kigae gani nimekiweka vibaya. Kimoja tu. Njooni mkiweke vizuri, nami nitakaa chini."

Hakuna aliyeinuka. Katibu alikohoa. "Kazi hii Mgeni aliithibitisha."

"Mgeni aliifunua akiwa na kikombe mkononi."

"Unamkosea heshima mtu wa kiwango kile?"

"Simkosei. Lakini hata kama yeye ndiye angeiandika, na wewe ukaipiga muhuri, ngazi hii isingefunikika. Kwani ngazi inajua nani ni profesa?"

Mmoja wa wale wahadhiri wawili alisaidia kwa nia njema. "Mimi naona tatizo ni hii sakafu yenyewe. Ni sakafu ya ajabu. Nani anajenga nyumba namna hii?"

"Kabisa!" alisema Mkuu. "Nani anajenga?"

"Nimeandika sakafu yoyote," alisema Kwanini, na sauti yake ikapanda, hakuweza kuizuia. "Yoyote! Sikuandika nyumba ya mtu. Mnanitetea dhidi ya kitu gani? Mimi ndiye mwenye kazi, mimi ndiye nasema ni uongo, na ushahidi uko ubaoni umbali wa hatua mbili kutoka kwenye viti vyenu! Mlipokataa kilichokuwa kweli nilinyamaza. Sasa mnakubali kisicho kweli, na bado hamjasoma!"

Mkuu akamgeukia Msimamizi. "Profesa, mwanafunzi ni wako. Unasemaje?"

Msimamizi aliangalia chupa ya maji. "Nadhani... tufuate utaratibu."

"Vizuri. Wanaoona kwamba tasnifu imethibitisha ilichodai, pamoja na marekebisho madogo ya kiuhariri?"

Mikono ikaenda juu. Mkuu, Katibu, wale wahadhiri wawili. Msimamizi naye akanyoosha, mkono mzima safari hii, wala hakuwa anajikuna.

"Wanaopinga?"

Bi Takwimu akanyoosha. Na Kwanini naye, akiwa palepale ubaoni na chaki yake, akanyoosha.

"Mtahiniwa hana kura," alisema Mkuu.

"Ni nadharia yangu."

"Nadharia ni yako. Uthibitisho ni wa Kamati." Akasogeza karatasi mbele yake na kalamu ndefu kuliko zote tatu. "Hongera sana. Saini hapa kwamba unakubali matokeo, tupige picha, tumwite mama."

Kwanini aliiangalia ile kalamu. Nisiseme uongo, aliiangalia kwa muda mrefu. Alifikiria uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi.

"Siwezi," alisema.

"Ukitoka hapo mlangoni bila kusaini, ile nafasi ina watu wanaoingoja. Kesho ina mtu. Na tasnifu tutaihesabu umeiacha mwenyewe."

Akachukua chaki yake na mfuko wa vigae vya boksi, akatoka.

Kule ujiani Mjomba alikuwa wa kwanza kusimama. "Daktari! Imekuwaje?"

Akawaambia. Alianza taratibu, akamaliza kwa machozi ya hasira, na alipomaliza hakuna aliyemkumbatia. Mama alimtazama kama mtu asiyemfahamu.

"Walikubali," Mama alisema.

"Ndiyo."

"Wote wakubwa wale walikubali. Wakakupa kalamu. Wewe ukasema hapana."

"Mama, si kweli. Ile kazi si kweli."

"Nani kakuuliza?" Mama alifoka, mpaka mlinzi aliyekuwa mwisho wa ujia akageuka. "Maprofesa wamesema ni kweli, wewe nani? Macho yangu haya nimeyamalizia wapi? Ulishindwa kunyamaza siku moja? Moja tu! Kwanini, Kwanini, maisha yako yote Kwanini, leo ndio umekula hasara yake!"

"Dada, punguza sauti," Mjomba alisema.

"Niache! Mtoto amepewa, amekataa! Kwa sababu ya vigae!"

Neno la Mama lilimwuma Kwanini kuliko yote ya mle ndani. Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mbele ya benchi, akachora kwa chaki. Chumba. Ngazi, vidato vichache tu. Akamwaga vigae vya boksi pembeni.

"Funika," alimwambia Mama.

"Sina muda wa michezo."

"Usiniamini mimi. Usiwaamini wao. Funika mwenyewe, Mama, kisha unitukane."

Mama alisimama pale huku anahema. Halafu, kwa hasira vilevile, akakunja gauni jipya, akapiga magoti. Yeye na maisha ya kupanga vipande kwenye kitambaa bila kupoteza hata shubiri, angeshindwa na hiki? Akaweka kigae. Akaweka cha pili. Mraba mmoja ukabaki peke yake. Akavitoa, akaanza upya.

"Geuza hicho," alisema Mjomba juu ya kichwa chake.

"Nimeshakigeuza."

"Basi anzia chumbani, achana na ngazi."

Akaanzia chumbani. Ikamgomea. Mjomba akafungua vifungo vya suti, naye akashuka chini, wakawa wawili, wanapokonyana vigae na kulaumiana. Bi Takwimu alitoka mlangoni na mkoba wake begani, akawaona, akasimama kuangalia. Mama alirudi chini ya ngazi, safari hii polepole, akikipima kila kidato kwa kidole. Hapa ni lazima hivi. Hapa pia. Hapa pia. Akafika chumbani. Akaweka kidole pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akavitazama vigae vilivyobaki mkononi.

"Kila kona inataka chake," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na nafasi haipo."

"Haipo."

Mama alikaa juu ya visigino vyake. Hasira haikumtoka usoni, ila sasa ilikuwa imegeukia kwingine.

"Na wao wamejaribu, kama hivi?"

"Hapana. Nimewaomba. Hakuna aliyeinuka."

"Hakuna hata mmoja?"

"Wamepiga kura."

Mama aliviokota vigae vyote, kimoja kimoja, akavifunga kwenye leso yake. Akajipangusa chaki magotini. Mjomba akamuuliza anakwenda wapi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mlango, wala hakubisha hodi. Walikuwa bado wamekaa, Mkuu anapanga kalamu zake mfukoni, na ile karatasi isiyosainiwa iko katikati ya meza. Mama akafungua leso yake juu ya hiyo karatasi.

"Habari za kazi, wakubwa," alisema. "Mimi ndiye mzazi. Nimeambiwa humu kuna watu watano wanaojua kwamba ile sakafu inafunikika. Nimechorewa hapo nje mlangoni, na mimi nimeshindwa. Vigae ni hivi. Nani anaanza?"